Biashara kati ya Kazakhstan na Vietnam

Biashara kati ya Kazakhstan na Vietnam ni ubadilishanaji wa bidhaa na huduma kati ya Kazakhstan, nchi kubwa kuliko zote za Asia ya Kati, na Vietnam, nchi ya Asia ya Kusini-Mashariki. Nchi hizi mbili hazipakani, na baina yao ipo China. Uhusiano wao wa kibalozi ulianza tarehe 29 Juni 1992.

Biashara hii ni ndogo ikilinganishwa na biashara ambayo kila moja ya nchi hizi inafanya na majirani zake. Hata hivyo ina nafasi ya pekee katika historia ya uchumi wa eneo hilo. Mkataba wa kwanza wa biashara huria ambao Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia uliutia sahihi na nchi ya nje ulikuwa mkataba na Vietnam, na ulitiwa sahihi katika ardhi ya Kazakhstan mwaka 2015. Pia biashara hii inaonyesha wazi matatizo ya nchi isiyo na pwani ya bahari kuu inapotaka kuuza bidhaa zake mbali.

Mazingira ya nchi hizi mbili

Kazakhstan ina eneo la takriban kilomita za mraba milioni 2.7, na idadi ya wakazi wake ilifikia milioni 20 mwaka 2023. Inagusa Bahari ya Kaspi, lakini bahari hiyo kwa kweli ni ziwa kubwa lisilofungamana moja kwa moja na bahari kuu. Kwa hiyo Kazakhstan huhesabiwa kuwa nchi kubwa kuliko zote duniani kati ya zile zisizo na pwani. Uchumi wake unategemea hasa mafuta ya petroli, gesi, metali, urani na nafaka. Kazakhstan ndiyo inayoongoza duniani kwa uchimbaji wa urani, ikitoa takriban asilimia 40 ya urani yote inayochimbwa.

Vietnam ni kinyume chake kwa mambo mengi. Ina eneo la takriban kilomita za mraba 331,000 tu, yaani karibu sehemu moja ya nane ya Kazakhstan, lakini idadi ya watu wake ilifikia milioni 100 mwaka 2023. Pwani yake ina urefu wa zaidi ya kilomita 3,200, na bandari zake kubwa ziko karibu na Hai Phong upande wa kaskazini na Jiji la Ho Chi Minh upande wa kusini. Tangu mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986 yanayoitwa *Doi Moi*, Vietnam imekuwa nchi ya viwanda vya simu, vifaa vya elektroniki, mavazi na viatu. Pamoja na hayo inauza nje mchele, kahawa, korosho, pilipili manga na samaki.

Kwa hiyo kila nchi ina kitu ambacho mwenzake anakosa: Kazakhstan ina malighafi na ngano, Vietnam ina bidhaa za viwandani na mazao ya nchi za joto. Kizuizi kikubwa ni umbali. Kutoka Almaty hadi Hanoi, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 3,600, na kati yake kuna milima na majangwa ya China magharibi.

Historia

*Wakati wa Umoja wa Kisovyeti*

Hadi mwaka 1991 Kazakhstan ilikuwa mojawapo ya jamhuri 15 za Umoja wa Kisovyeti, nayo haikuwa na mamlaka ya kufanya biashara ya nje peke yake. Mambo yote hayo yaliamuliwa Moscow. Hata hivyo mawasiliano na Vietnam yalikuwepo. Mwaka 1959 rais Ho Chi Minh wa Vietnam Kaskazini alizuru Kazakhstan alipokuwa katika safari yake ndani ya Umoja wa Kisovyeti.

Mwaka 1978 Vietnam ilijiunga na Comecon, jumuiya ya uchumi ya nchi za kisoshalisti iliyoongozwa na Moscow. Katika jumuiya hiyo bidhaa zilibadilishwa kufuatana na mipango ya serikali, si kufuatana na bei za soko. Katika miaka ya 1980 raia wengi wa Vietnam walikwenda kusoma na kufanya kazi viwandani katika jamhuri za Kisovyeti. Hivyo kilikuwepo kizazi cha Wavietnam waliojua Kirusi, lugha ambayo hata leo inatumika sana katika biashara nchini Kazakhstan.

*Baada ya mwaka 1991*

Comecon ilivunjwa mwaka 1991, na Kazakhstan ilitangaza uhuru wake tarehe 16 Desemba mwaka huohuo. Njia za zamani za biashara zilikatika ghafla. Kazakhstan ilianzisha sarafu yake, tenge, mwezi Novemba 1993, ikapitia miaka migumu ya mfumuko wa bei. Vietnam kwa upande wake iligeukia masoko ya Asia Mashariki na nchi za Magharibi. Ilijiunga na ASEAN, jumuiya ya nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, mwaka 1995, na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2007. Kazakhstan ilijiunga na shirika hilo tarehe 30 Novemba 2015.

Uhusiano ulianza kupata nguvu upya katika miaka ya 2010. Rais Nursultan Nazarbayev wa Kazakhstan alizuru Hanoi mwaka 2011, na rais Truong Tan Sang wa Vietnam alizuru Kazakhstan mwaka 2012. Tume ya pamoja ya serikali hizi mbili hukutana kujadili biashara, uchumi, sayansi na teknolojia. Mwezi Agosti 2023 rais Kassym-Jomart Tokayev alifanya ziara rasmi nchini Vietnam. Mwezi Mei 2025 To Lam, Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti cha Vietnam, alizuru Astana, na nchi hizi zikatangaza kuinua uhusiano wao kuwa ushirikiano wa kimkakati.

Mkataba wa biashara huria wa mwaka 2015

Kazakhstan haiwezi kupunguza ushuru wa forodha kwa nchi nyingine kwa uamuzi wake peke yake. Sababu ni kwamba ni mwanachama wa Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia, ulioanza kazi tarehe 1 Januari 2015, pamoja na Urusi, Belarus, Armenia na Kirgizia. Umoja huo ni umoja wa forodha: bidhaa hupita kati ya wanachama bila ushuru, na bidhaa zinazotoka nje hutozwa ushuru wa pamoja. Kwa hiyo Vietnam ilijadiliana na umoja mzima.

Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 29 Mei 2015 huko Burabay, mahali pa mapumziko penye maziwa na misitu kaskazini mwa Kazakhstan. Waliohudhuria ni mawaziri wakuu wa nchi wanachama, akiwemo mwenyeji Karim Massimov, na waziri mkuu wa Vietnam Nguyen Tan Dung. Ulianza kutumika tarehe 5 Oktoba 2016. Baadaye umoja huo uliingia katika mapatano na nchi nyingine kama vile Iran, Serbia na Singapore, lakini Vietnam ndiyo iliyotangulia.

*Jinsi unavyofanya kazi*

Mkataba unaondoa ushuru kwa takriban asilimia 90 ya aina za bidhaa zilizomo katika orodha ya forodha. Kwa baadhi ya bidhaa ushuru uliondolewa mara moja, kwa nyingine unapungua hatua kwa hatua katika kipindi kinachofika miaka 10. Zipo bidhaa zilizoachwa nje kabisa.

Ili mfanyabiashara apate nafuu hiyo, anapaswa kutimiza masharti mawili makubwa:

* Asili ya bidhaa. Ni lazima bidhaa iwe imezalishwa au imesindikwa vya kutosha katika nchi iliyo ndani ya mkataba. Uthibitisho wake ni cheti cha asili kinachoitwa fomu EAV. Shabaha ni kuzuia bidhaa za nchi ya tatu zisipitishwe Vietnam na kubandikwa lebo mpya tu.
* Usafirishaji wa moja kwa moja. Bidhaa inaweza kupita katika nchi ya tatu, lakini ikiwa huko chini ya uangalizi wa forodha, bila kuuzwa wala kubadilishwa. Sharti hili ni zito kwa Kazakhstan, kwa kuwa mizigo mingi kutoka Vietnam hupita China na mara nyingi huhamishwa kutoka meli hadi treni.

Kwa mavazi, viatu na samani kadhaa kuna kinga ya ziada. Kila mwaka huwekwa kiwango fulani. Bidhaa zikiingia kupita kiwango hicho, ushuru wa kawaida unaweza kurudishwa kwa miezi sita au tisa. Viwanda vya nguo vya nchi za umoja vilihofia kumezwa na viwanda vya Vietnam vyenye gharama ndogo, na kinga hii iliwekwa kwa ajili yao.

*Suala la mchele*

Mchele ni mfano mzuri wa jinsi mapatano ya namna hii yanavyogusa maisha ya wakulima. Vietnam ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza mchele nje, na kila mwaka huuza tani milioni kadhaa. Katika mkataba, mchele wake unaoweza kuingia umoja mzima bila ushuru ni tani 10,000 tu kwa mwaka.

Kazakhstan nayo inalima mpunga, hasa katika mkoa wa Kyzylorda, kando ya mto Syr Darya. Kilimo hicho kinategemea umwagiliaji katika nchi kame. Mto huo ndio unaolisha mabaki ya kaskazini ya Bahari ya Aral, iliyokauka kwa sehemu kubwa tangu miaka ya 1960 kwa sababu maji ya mito yake yalielekezwa mashambani. Kiasi kidogo cha mchele kilichoruhusiwa kinawalinda wakulima wa Kyzylorda, na pia wale wa Urusi kusini, wasishindwe na bei za Vietnam. Lakini wapo wanaouliza kama inafaa kulima zao linalohitaji maji mengi karibu na bahari inayokufa, hali mchele wa bei nafuu unapatikana kwingine. Kwa familia zinazoishi kwa kilimo hicho, jibu si rahisi.

Bidhaa

*Kutoka Vietnam kwenda Kazakhstan*

Sehemu kubwa ya thamani ya bidhaa zinazotoka Vietnam ni simu, kompyuta na vipuri vya elektroniki. Kampuni ya Samsung ya Korea Kusini ina viwanda vikubwa katika mikoa ya Bac Ninh na Thai Nguyen, kaskazini mwa Vietnam. Simu inayouzwa dukani Almaty inaweza kuwa na jina la Kikorea lakini ikawa imeundwa kwa mikono ya Wavietnam.

Kundi la pili ni mavazi na viatu. Kundi la tatu ni vyakula: kahawa, chai, pilipili manga, korosho, matunda yaliyokaushwa, kamba, na samaki wa jamii ya kambare wanaofugwa katika delta ya mto Mekong. Vietnam ni ya kwanza duniani kwa kuuza nje pilipili manga na korosho zilizobanguliwa, na ya pili kwa kahawa baada ya Brazil. Kahawa yake karibu yote ni robusta, inayofaa kwa kahawa ya kuyeyuka papo hapo.

Kuhusu korosho kuna kiungo na Afrika ya Mashariki. Viwanda vya Vietnam vinabangua korosho nyingi kuliko zinazovunwa nchini humo, kwa hiyo hununua korosho ghafi kutoka Kambodia na nchi za Afrika, ikiwemo Tanzania, ambako zao hilo hulimwa hasa Mtwara na Lindi. Baadhi ya korosho zinazouzwa nje kama bidhaa ya Vietnam zilianzia katika mikorosho ya Afrika. Faida ya kubangua na kufungasha hubaki Vietnam.

*Kutoka Kazakhstan kwenda Vietnam*

Kazakhstan huuza hasa malighafi: metali kama zinki na risasi, aloi za chuma, asbesto, na kwa vipindi fulani ngano.

Vietnam haina hali ya hewa ya kulima ngano, lakini inaihitaji kwa ajili ya mikate, tambi na chakula cha mifugo. Wauzaji wake wakubwa ni nchi zenye bandari, kama vile Australia. Ngano ya Kazakhstan, ambayo kwa desturi huuzwa Uzbekistan, Tajikistan na Afghanistan, ina sifa nzuri lakini inafika ghali. Mwezi Februari 2017 shehena ya tani 720 za ngano ya Kazakhstan ilifika kwa treni katika bandari ya Lianyungang, mashariki mwa China, ili kupakiwa melini kuelekea Vietnam. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, lakini kilionyesha kwamba njia hiyo inapitika.

Suala la asbesto

Asbesto ni madini yenye nyuzinyuzi zisizoungua. Kazakhstan ni kati ya wazalishaji wakubwa duniani. Mgodi wake uko Zhitikara, katika mkoa wa Kostanay, na mji huo kwa sehemu kubwa unaishi kwa mgodi huo. Aina inayochimbwa huko ni krisotile, au asbesto nyeupe. Vietnam huinunua kutoka Kazakhstan na Urusi kwa ajili ya mabati ya saruji ya kuezekea nyumba, ambayo ni ya bei nafuu na hupendwa na kaya zenye kipato kidogo.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu, ikiwemo saratani ya mapafu na ile ya utando unaozunguka mapafu. Ugonjwa hujitokeza mara nyingi miongo kadhaa baada ya mtu kuvuta vumbi lake. Nchi nyingi zimepiga marufuku asbesto kabisa. Vietnam imepiga marufuku aina ya buluu na ya kahawia, lakini krisotile imeendelea kuruhusiwa, huku mjadala wa kuiacha ukiendelea serikalini kwa miaka mingi.

Jambo hili limewakutanisha wauzaji na wanunuzi katika Mkataba wa Rotterdam, unaohusu biashara ya kemikali hatari. Kuiingiza krisotile katika orodha ya mkataba huo si kuipiga marufuku. Kunamtaka muuzaji apate kwanza ridhaa ya nchi inayonunua, ikiwa imeelezwa hatari zake. Uamuzi unahitaji kauli moja ya wanachama wote. Katika mkutano wa mwaka 2011 Kazakhstan na Vietnam zilikuwa miongoni mwa nchi chache zilizopinga, pamoja na Kanada na Kirgizia. Mikutano iliyofuata, ukiwemo wa mwaka 2023, nayo haikufikia mwafaka. Wanaoitetea biashara hii husema krisotile ni salama ikitumiwa kwa uangalifu; wataalamu wa afya hujibu kwamba uangalifu huo hauwezekani pale bati linapokatwa kwa msumeno uani kwa mtu, au linapovunjwa na dhoruba.

Njia za usafirishaji

Njia kuu ni tatu:

1. Meli na treni kupitia Lianyungang. Mizigo hutoka Hai Phong au Jiji la Ho Chi Minh kwa meli hadi Lianyungang, kisha husafiri kwa reli zaidi ya kilomita 4,000 hadi mpaka wa Kazakhstan. Tangu mwaka 2014 kuna kituo cha mizigo cha pamoja cha China na Kazakhstan katika bandari hiyo. Kwa namna fulani ndiyo bandari ya Kazakhstan katika Bahari ya Pasifiki.
2. Reli moja kwa moja kupitia China. Treni hutoka Hanoi, huvuka mpaka Dong Dang, na kupita China yote hadi Khorgos au Dostyk.
3. Kupitia Urusi. Mizigo hupelekwa kwa meli hadi bandari za Urusi za Mashariki ya Mbali, kisha kwa Reli ya Siberia.

Katika njia ya reli tatizo kubwa ni upana wa njia. Reli nyingi za Vietnam zina upana wa milimita 1,000, za China 1,435, na za Kazakhstan 1,520. Treni moja haiwezi kupita zote. Katika sehemu kati ya Dong Dang na Hanoi imewekwa reli ya tatu ili mabehewa ya China yaweze kuingia. Mpakani Khorgos kreni huhamisha makontena kutoka mabehewa ya China hadi ya Kazakhstan. Kila uhamisho unaongeza muda na gharama, na msongamano unapotokea mpakani, vyakula kama matunda na samaki ndivyo vinavyoumia kwanza.

Tangu Februari 2022, vita vya Urusi nchini Ukraine na vikwazo vilivyofuata vimevuruga malipo ya benki na bima ya mizigo inayopita Urusi. Hivyo utegemezi wa njia za China umeongezeka.

Takwimu na namna ya kuzisoma

Jumla ya biashara hii kwa mwaka haijafikia dola bilioni moja za Marekani. Kwa kulinganisha, mwaka 2024 biashara yote ya nje ya Vietnam ilikuwa takriban dola bilioni 786, na ile ya Kazakhstan takriban bilioni 140. Vietnam huuza zaidi ya inavyonunua, hivyo urari wa biashara uko upande wake.

Takwimu za pande mbili mara nyingi hazilingani. Vietnam huandika mzigo kufuatana na mahali unakokwenda kwa mujibu wa hati wakati wa kutoka bandarini. Kazakhstan huuandika kufuatana na nchi ulikotengenezwa. Mzigo ukinunuliwa na mfanyabiashara wa China au Urusi na kuuzwa tena, utaonekana katika hesabu moja na kukosekana katika nyingine. Zaidi ya hayo, si kila kinachoingia Kazakhstan hubaki huko. Mwaka 2022 mauzo ya vifaa vya elektroniki kutoka Kazakhstan kwenda Urusi yaliongezeka sana, baada ya kampuni nyingi za Magharibi na Asia kuacha kuuza Urusi moja kwa moja. Kwa sababu hiyo msomaji anapaswa kuangalia takwimu ni za nani kabla ya kulinganisha miaka.

Utalii na usafiri wa anga

Huduma zimekua haraka kuliko bidhaa. Baridi ya Kazakhstan ni kali, na wakazi wake wengi hutafuta bahari na jua. Ndege za moja kwa moja huunganisha Almaty na miji ya pwani ya Vietnam, hasa Nha Trang. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba shirika la Qazaq Air litakuwa Vietjet Qazaqstan, kwa ushirikiano na upande wa Vietnam.

Matarajio

Nishati ni eneo linalotajwa mara kwa mara. Vietnam ilisimamisha mpango wake wa vinu vya nyuklia huko Ninh Thuan mwaka 2016, kisha ikaamua kuufufua mwezi Novemba 2024. Vinu vikijengwa vitahitaji fueli, na Kazakhstan ndiyo yenye urani nyingi zaidi sokoni. Urani ina faida moja kwa nchi isiyo na pwani: thamani yake ni kubwa kwa uzito mdogo, hivyo gharama ya safari haiili faida kama inavyotokea kwa ngano.

Kwa bidhaa za kawaida, mkataba wa 2015 uliondoa kizuizi cha ushuru kwa sehemu kubwa. Vilivyobaki ni umbali, tofauti za reli, malipo, na utegemezi wa nchi za kupitia, mambo ambayo hayawezi kuondolewa kwa sahihi za mawaziri.

Tazama pia

* Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia
* ASEAN
* Uchumi wa Kazakhstan
* Uchumi wa Vietnam
* Bahari ya Aral
* Asbesto